Panda Uso Utakaoushuka: Kanuni Inayochacha kwa Saa

Watu wanaoshuka nyuso kali za milima ya Alps kwa skii, kati ya mwisho wa Machi na Juni, hurithishana kanuni moja: panda kwa miguu uso uleule utakaoushuka. Heini Holzer, msafisha dohani wa Tirol ya Kusini, Italia, aliishika bila kulegeza. Hakutaka helikopta, alipanda kuta zake kwa miguu ndipo akazishuka, hadi alipofia kwenye mlima Piz Roseg, Uswisi, mwaka 1977. Wenzao wa kambi ya pili huingia kutoka juu. Nchini Ufaransa, sheria ya milima ya 1985 ilikataza helikopta kuwashusha watu milimani kwa starehe, lakini gari la kebo la Aiguille du Midi, pale Chamonix, lipo tangu 1955 na humfikisha mtu karibu mita 3,800 kabla kahawa yake haijapoa.

Hoja ya wapandaji ina uzito, na uzito wenyewe uko mikononi na miguuni. Unapopanda korongo la nyuzi 45 kwa kramponi, yale meno ya chuma yafungwayo chini ya buti, kila hatua ni kipimo. Jino likizama na kushika, pana theluji iliyoshikamana. Likigonga kwa mlio mkavu na kurudi, chini pana barafu. Mpini wa shoka ukizama hadi nusu hapa, kisha mita 50 juu ukagota baada ya sentimita 10, umejua ni wapi ukingo wa skii utachana tabaka jembamba na kukuta kioo. Kutoka juu huoni hayo: sentimita 10 za theluji juu ya barafu na sentimita 50 zina weupe uleule. Mpandaji pia amevuka ule ufa unaotenganisha barafuto, yaani mto wa barafu, na ukuta, kwa hiyo anajua daraja la theluji liko upande gani na lina unene gani. Aliyeingia kutoka juu huufikia kwa kasi, miguu ikitetemeka, akiwa hajawahi kuuona kwa karibu.

Habari hizi si za anasa. Kwenye theluji ngumu ya nyuzi 45, mtu aliyeanguka asipojizuia papo hapo huwa amepita kilomita 60 kwa saa ndani ya sekunde 3. Baada ya hapo shoka halizuii kitu; likichoma theluji huchomoka mkononi.

Swali ambalo naona pande zote mbili hulipita haraka ni hili: habari uliyoipata ukipanda inakaa saa ngapi kabla ya kuchacha?

Theluji ya majira ya kuchipua hubadilika kwa saa. Mchana jua huyeyusha tabaka la juu. Usiku, mbingu zikiwa wazi, theluji hutoa joto lake kuelekea angani na kuganda. Hapo mawingu yana nguvu kuliko kipimajoto. Usiku mkavu usio na wingu unaweza kuacha ganda la kubeba mtu hata hewa ikiwa nyuzi 2 juu ya sifuri, na usiku wa mawingu ukaacha uji hata ikiwa chini ya sifuri. Aliyewahi kuondoka kibanda cha Kibo usiku wa manane kuelekea kilele cha Kilimanjaro ameonja kitu kinachofanana nacho: changarawe iliyoganda inashika mguu, na ileile mchana inateleza chini ya buti. Kwenye theluji tofauti ni kubwa zaidi. Alfajiri ganda ni gumu kama sakafu ya saruji. Jua likilipiga, sentimita 2 au 3 za juu hulainika, na hapo ndipo skii hushika kwa raha. Buti likianza kuzama hadi kifundo cha mguu, muda wako unaisha. Likizama hadi katikati ya muundi, maji yanashuka ndani ya tabaka, na theluji iliyolowa inaweza kuondoka yenyewe, polepole lakini kwa uzito usioweza kusimama mbele yake.

Sasa tazama mlima mmoja karibu na Chamonix, Aiguille Verte, wenye mita 4,122. Upande wa kusini una korongo la Whymper, lililopandwa kwanza mwaka 1865. Kwenye korongo hilo kanuni ya Holzer inatoa habari inayooza haraka. Mpandaji hutoka kibanda cha Couvercle usiku wa manane, akapima theluji iliyoganda, akafika juu kunapopambazuka. Alichopima saa 10 usiku hakipo tena saa 3 asubuhi. Akishuka mapema mno, anashuka juu ya chuma. Akingoja mno, mawe yaliyokuwa yameshikwa na barafu yanaachiwa, na korongo ni faneli: kila kinachoanguka hupita pale unapopita. Kati ya ganda gumu na uji pana saa moja, pengine mbili. Kwa hiyo kinachookoa watu kwenye korongo la namna hii ni saa ya kugeuka, iliyowekwa usiku kabla ya kufunga mkoba. Kwa mwezi wa Mei, ikifika saa 1 asubuhi na kilele bado kiko mbali, geuka ushuke kutoka hapo ulipo, kilele kikae.

Upande wa pili wa mlima huohuo liko korongo la Couturier, karibu mita 1,000 za mteremko juu ya barafuto ya Argentière. Linatazama kaskazini zaidi. Jua la asubuhi hulilamba kwa mshazari kisha huondoka, theluji hubaki baridi, na barafu ya buluu hujificha chini yake. Hapo habari ya mpandaji inadumu: alichokikanyaga saa 11 alfajiri atakikuta karibu vilevile akishuka. Kwenye uso wa namna hii nawaunga mkono wapandaji karibu bila masharti. Anayeingia kutoka juu, kwa njia yoyote aliyofikia kileleni, anacheza kamari na kitu ambacho angeweza kukijua.

Lakini kanuni ina doa lingine, na hili halihusiani na jua. Juu ya nyuso nyingi imening'inia minara ya barafu, nayo huanguka mchana au usiku bila kusubiri joto. Mtu mwenye pumzi nzuri hupanda mita 300 kwa saa. Uso wa mita 1,000 unamweka chini ya minara hiyo zaidi ya saa tatu. Kuushuka huchukua dakika 15 au 20. Anayesema kupanda ni salama zaidi mahali kama hapo amehesabu hatari ya barafu iliyofichika akasahau ile inayoonekana. Kwenye uso huo ni busara kupanda kwa mgongo wa mlima ulio jirani, na kukubali kwamba utaingia ukijua kidogo.

Wanaoingia kutoka juu wana njia zao za kuziba pengo, na si haki kuwaita wazembe. Hupiga picha uso mzima kwa lenzi ndefu siku moja kabla, kutoka mlima wa mkabala. Anayeikusudia njia ya Mallory, upande wa kaskazini wa Aiguille du Midi, anaweza kuikagua kupitia dirisha la gari la kebo. Wengine humfunga mtu wa kwanza kwa kamba ya mita 30, apige kona chache na kukanyaga kwa nguvu. Udhaifu wake ni huu: kamba inakwambia habari za mita 30 za juu tu, ambako upepo umelundika theluji, na barafu hukaa chini zaidi, pale uso unapotokeza kama mgongo wa sufuria. Kosa lingine lao ni kwenye taarifa ya maporomoko ya theluji. Majira haya hutolewa tarakimu mbili za hatari, katika ngazi ya 1 hadi 5: tuseme ngazi ya 1 kwa asubuhi na ya 3 kwa mchana. Mtu anaisoma ya asubuhi, kisha foleni ya kebo inamwingiza kwenye uso saa 5 asubuhi.

Kuna jambo ambalo kambi zote mbili hulikosea kwa namna ileile: kubadilisha kramponi na kuvaa skii kwenye mteremko. Chimba kijukwaa kirefu kama skii moja. Chomeka shoka hadi kichwani, ujifunge hapo kabla hujafungua chochote. Vaa skii moja kwanza, ile ya upande wa bondeni. Vifungo vya skii za kupandia mlima hushika ncha ya buti kwa pini mbili zinazoingia kwenye vitundu vidogo, na vitundu hivyo hujaa theluji iliyoshindiliwa na kuganda. Pini ikikaa juu ya barafu hiyo hulia kama imeingia, kumbe imegusa tu, na skii huchomoka kwenye mruko wa kwanza. Kwangua kila kitundu kwa ncha ya shoka, bana pini, kisha inua na kushusha kisigino mara kumi ukiwa bado umefungwa. Skii ikitikisika, toa buti, kwangua tena.