Nambari Iliyogongwa Kwenye Diski Si Pambo

Ati nambari zile ni za Wajapani. Hilo ndilo jibu alilopewa shemeji yangu katika gereji moja upande wa Shimanzi, hapa Mombasa, alipouliza kwa adabu zote ni kwa nini diski za breki alizorudishiwa, zimeng'arishwa kwenye kerezo, mashine ya kuchonga chuma, hata mtu angeweza kujitazama uso, zilikuwa na unene wa milimita 24.6 ilhali chuma chenyewe kimegongwa 26 kuwa kikomo cha chini. "Shekhe, hizo ni hesabu za huko kwao, huku sisi twajua gari kwa mkono," alisema fundi, akauinua mkono wenyewe kana kwamba ni ushahidi.

Ningenyamaza lau kisa hiki kingekuwa cha shemeji peke yake. Hapa mjini, usukani ukitetemeka pindi dereva anapokanyaga breki, hukumu hutolewa kabla gurudumu halijafunguliwa: diski imepinda, ikerezwe. Hakuna anayepima unene kabla ya kazi, hakuna anayepima baada yake, na mwenye gari hulipa, hushukuru, akaondoka na vyuma vyembamba kuliko alivyokuja navyo. Haupiti muda mrefu usukani unatetemeka tena, na dawa inayotolewa ni ile ile.

Basi na tuzungumze juu ya nambari hiyo. Diski za mbele za baadhi ya magari yanayoshushwa bandarini kwetu, kama hilo la shemeji, hutoka kiwandani na unene wa milimita 28 hivi, na mtengenezaji akasema zisishuke chini ya 26. Maana yake ni kwamba umepewa milimita mbili tu, moja kila upande, za kutumia maisha yote ya diski. Pedi, vile vibao vinavyoibana diski, hula sehemu yake polepole katika uendeshaji wa kila siku, na kinachobaki kerezo hukimaliza asubuhi moja. Wala kikomo hicho hakikuwekwa ili wenye kuuza spea wapate riziki. Kazi ya diski ni kuupokea mwendo wa gari ukiwa joto, kulihifadhi joto hilo kwa muda, kisha kuukabidhi upepo. Chuma kikipungua, joto ni lile lile lakini mahali pa kuliweka pamepungua, kwa hiyo diski nyembamba hupanda moto haraka na kufika juu zaidi kuliko nene, hata dereva akiwa yule yule na njia ikiwa ile ile. Unaiona ilivyo hila ya jambo hili? Diski imeharibiwa na joto, nasi twaitibu kwa kuifanya ishindwe kustahimili joto.

Shemeji anaishi Kwale, na siku hiyo alikuwa akiteremka kuja mjini, gari limejaa watu na mizigo, naye ana haraka ya kuwahi feri ya Likoni. Kwa ukiri wake mwenyewe, mguu haukutoka kwenye breki tangu juu, kupitia Golini, hadi alipofika Kombani na harufu ya kuungua imejaa ndani ya gari. Watu huudharau mteremko kwa sababu gari haliendi mbio, lakini hesabu yake inatisha. Kila gari linaposhuka kimo cha mita 40, nguvu inayotafuta pa kwenda ni sawa na ile ya kulisimamisha gari hilo kutoka mwendo wa kilomita 100 kwa saa. Mji wa Kwale uko zaidi ya mita 300 juu ya usawa wa bahari. Sehemu ya nguvu hiyo huchukuliwa na upepo na magurudumu, na sehemu kubwa ingechukuliwa na injini kama dereva angeiruhusu, kwa kuteremka na gia ndogo. Asipoiruhusu, mzigo wote huangukia vyuma vile, na vya mbele hubeba sehemu kubwa zaidi.

Kinachotokea hapo, mara nyingi, si diski kupinda. Pedi zikizidiwa na joto huacha utando wake juu ya chuma bila mpangilio, hapa mwingi, pale mchache, hasa dereva anapofika chini, akasimama na kuendelea kukanyaga breki kwa nguvu, pedi zikabaki zimeng'ang'ania mahali pamoja diski ikiwa ya moto. Tofauti ndogo mno, isiyoonekana kwa jicho, yatosha kuutikisa usukani. Joto likizidi nyuzi 650 hivi, chuma chenyewe hubadilika katika sehemu hizo na kuwa kigumu kuliko jirani yake, na ndiyo maana huona madoa ya rangi ya samawati yaliyokaa kama mabaka. Kerezo laweza kuyafuta madoa kwa juu, lakini mzizi wa ugumu hubaki ndani. Pedi zinaendelea kuila sehemu laini kuliko ile ngumu, na mtetemeko unarejea. Diski iliyofikia hapo haina mjadala, na iliyopasuka ufa uliofika ukingoni vilevile: zitupwe.

Nakubali, na nakubali kwa shingo upande, kwamba kukereza si dhambi. Diski yenye unene wa kutosha, isiyo na ufa wala mabaka, ikipitishwa kwenye kerezo zuri na fundi mwenye subira, yaweza kurudi kazini vizuri. Nakubali pia kwamba diski mpya ni ghali, na kwamba madukani kuna bidhaa za kuigiza ambazo hata mimi nisingezifunga kwenye mkokoteni. Lakini bei haibadilishi unene. Ninachokiomba ni maikromita, chombo cha kupimia unene kinachotosha mfukoni, kizungushwe kwenye diski katika sehemu kama nane, na nambari zisomwe mbele ya mwenye gari kabla mtu hajagusa swichi ya kerezo. Fundi asiyekuwa nayo hana haki ya kutoa hukumu. Mkono, hata ukiwa umeshika magari tangu enzi za babu, hauwezi kuhisi nusu milimita iliyokwisha kuliwa.

Halafu kuna kitako cha gurudumu, mahali diski inapokalia, ambacho hakuna anayekitazama. Mji wetu una chumvi hewani. Gari likilala usiku mmoja tu, asubuhi diski zimevaa kutu ya rangi ya kahawia, nayo hutoka kwa breki chache za kwanza bila madhara yoyote. Kutu mbaya ni ile iliyojificha nyuma ya diski, inapokutana na kitako. Diski mpya ikifungwa juu ya magamba hayo bila kupigwa brashi ya waya, haikai sawa, na mchezo, yaani kuyumba kwa diski inapozunguka, wa milimita 0.05 tu ndio kikomo ambacho watengenezaji wengi hukiruhusu. Chumvi hiyo hiyo hukausha pini za kalipa, kile kibano kinachosukuma pedi, pedi zikakataa kuachia, na gurudumu moja likawa linachemka wakati wenzake wamepoa. Ukiona diski moja tu ina mabaka, tafuta pini kabla ya kumlaumu dereva.

Mafuta ya breki nayo hunywa unyevu, na unyevu sisi tunao wa kugawa. DOT 3, aina mojawapo ya mafuta hayo, ikiwa mpya na kavu hairuhusiwi kuchemka chini ya nyuzi 205. Ikishanywa maji, kiwango kinachodaiwa ni nyuzi 140 pekee, na yakichemka kwenye mteremko pedali inazama hadi sakafuni. Yabadilishwe kila baada ya miaka miwili.

Kuhusu wale wanaoteremka na gia ikiwa nyutro ili kuokoa petroli, sina la kuwaambia ila kwamba petroli waliyoiokoa hawatapata pa kuitumia. Hata gari la otomatiki lina 2 na L, au S na B, za kuiacha injini ilizuie gari, na alama hizo hazikuandikwa kwa ajili ya kujifunza kusoma. Zitumieni kabla ya kuanza kushuka, kasi ikiwa bado ndogo.

Na ninyi vijana wa kuosha magari, ambao nawapenda na ninawalipa: gari lililotoka safarini sasa hivi, magurudumu yanatoa moshi, msilielekezee mpira wa maji kwenye diski ati mnazipoza. Chuma cha moto kikimwagiwa maji baridi ghafla chaweza kupinda, hata kupasuka, na hapo ndipo, kwa mara moja, neno kupinda litakuwa la haki. Anzeni na paa, kisha milango, kisha viti na mazulia ya ndani. Magurudumu yaacheni yawe ya mwisho.