Theluji ya Shemeji, Nazi ya Jirani

Mke wangu ana kaka yake yuko Uswidi, mji wa Umeå, kaskazini huko. Huku kwetu Wete, Pemba, masika yashaanza, ndoo zangu za kukingia mavujo kila moja inajua mahali pake, lakini paa linalozungumzwa sebuleni ni la shemeji. Simu ikilia, mke wangu anaweka sauti juu, sote tunanyamaza tumsikilize akilalamika kuwa theluji imejaa juu ya nyumba. Mama mkwe anajifuta machozi kwa ncha ya kanga. "Masikini mwanangu! Na kifua chake kilivyokuwa hakitaki baridi."

Mie nakohoa palepale kwenye kigoda. Hakuna anayegeuka.

Sisemi kama anazua. Nilimuuliza, akanieleza, na hesabu akanisaidia kijana wangu wa skuli. Theluji ikianguka ni nyepesi, lakini ikikaa siku nyingi inajishindilia, na mita moja ya ujazo yaweza kufika kilo 300 au 400. Sasa chukua paa la mita za mraba 100, litandike theluji hiyo nusu mita: kwa kilo 300 tu, tani 15. Ndiyo magunia 300 ya mchele, ya kilo 50 kila moja, yakhe, yako juu ya utosi wako nawe unakunywa chai! Ungekuwa mchele kweli, ukoo mzima ungekwenda kumsaidia kuushusha.

Halafu haingoji ruhusa. Nyumba zao zinapashwa moto, joto linapanda, theluji ya chini inayeyuka, na baina yake na bati panafanya utelezi. Jua likichungulia kidogo tu, mzigo wote unaporomoka kwa mkupuo mmoja. Bati ndilo baya zaidi, maana ni laini, ndo wanalifunga vyuma vya kuizuia. Na maji yaliyoyeyuka yakifika ukingoni, ambako joto la ndani halifiki, yanaganda tena, yanajenga ukuta wa barafu, yanayofuata nyuma yanakosa njia na kupenya ndani. Hapo nilifurahi. Kumbe Ulaya nako watu wanavujiwa! Mke wangu akaniuliza nacheka nini, nikasema nimekumbuka jambo.

Lakini kilichoniuma roho ni sheria. Wana sheria yao ya mwaka 1993, inasema theluji na barafu inayoweza kumwangukia mtu njiani na kumuumiza iondoshwe bila ya kucheleweshwa. Watu wanapanda juu na mabeleshi, wamejifunga kamba, na chini kasimama mwengine na filimbi anawazuia wapita njia. Filimbi! Kwa maji yaliyoganda!

Mie juu ya paa langu kuna mnazi. Uwanja wangu, nyumba yangu, mnazi wa mtu. Nyie wa bara mtashangaa, lakini huku visiwani ardhi yaweza kuwa ya huyu na mti ukawa wa yule, na mwenye mti akaja kuchuma asikuombe radhi. Huyu wangu kaurithi kwa babu yake, anakaa mtaa wa pili, na mnazi wenyewe umeinama juu ya chumba changu cha kulala kama mkwe anayesikiliza ugomvi wa watu.

Theluji angalau ina msimu. Leo kuti, kesho kidaka, keshokutwa nazi kavu, usiku wa manane, kishindo juu ya bati mpaka majogoo wanawika kabla ya saa zao. Mtaa mzima unaamka isipokuwa mwenye mti. Nikamwendea. Akanijibu kwa upole, na upole wake ndo unaonitia hasira: "Kwani mie ndiye ninayeziangusha? Hiyo kudura." Nikamtajia Uswidi na sheria yao. Akaniuliza kama huko kuna minazi. Nikasema hamna. "Sasa hao wanajua nini?"

Nikenda kwa sheha, kiongozi wetu wa mtaa. Sheha akatusikiliza sote wawili, akavua kofia, akaivaa, akasema atafutwe mkwezi. Mkwezi kapatikana, anataka ujira wake. Mwenye mnazi anasema alipe anayeogopa.

Juzi ndo ikawa. Mvua ya alfajiri, upepo, nazi ikatoboa bati, ikatua kwenye godoro baina ya mto wangu na wa mke wangu. Jambo la kwanza alilofanya mwenzangu, kabla hata ya kuniuliza kama nimo mzima, ni kupiga picha ampelekee kaka yake. Jibu likaja papo hapo: "Poleni sana. Lakini nyie mna raha, hamna baridi." Mama mkwe akasema, mnaona alivyo na huruma, na shida zote alizonazo.

Maji yanamiminika kitandani, mie niko juu ya meza natafuta pa kuzibia, nikasikia hodi. Mwenye mnazi. Moyo ukanilainika, nikajua kaja kutoa pole. Akaitazama tundu, akatazama godoro, akaiokota nazi yake, akaitikisa sikioni kusikiliza maji.

"Alhamdulillahi," akasema, "haijapasuka."

Akaomba kikapu cha kubebea, asirowe. Mke wangu akampa, tena kile kizuri.