Troponini na mgonjwa anayestahili kurudi nyumbani

Wanaokitilia shaka kipimo cha damu cha troponini chenye unyeti mkubwa, yaani kinachonasa hata kiasi kidogo sana cha protini hiyo ya misuli ya moyo, hupenda kurejea utafiti uliofanywa katika hospitali 10 za Scotland na kuchapishwa mwaka 2018. Kati ya wagonjwa 48,282 walioshukiwa kuwa na mshtuko wa moyo, kipimo kipya kiliwaibua 1,771 ambao kile cha zamani kingewapita, lakini miongoni mwa hao mishtuko na vifo vya maradhi ya moyo na mishipa ya damu ndani ya mwaka mmoja havikupungua kwa namna inayothibitika. Wanaongeza, na hapa wana haki, kwamba protini hii huonyesha kuwa moyo umejeruhiwa bila kusema umejeruhiwa na nini. Figo zilizodhoofu au maambukizi makali yanaweza kuipandisha vilevile.

Hata hivyo, hoja hiyo inakipima kipimo kwa jibu la "ndiyo", ilhali wengi wanaofika idara ya dharura wakishika kifua wanahitaji jibu la "hapana". Watafiti wa Scotland walilishughulikia swali hilo katika utafiti wao wa mwaka 2021, uliohusu wagonjwa 31,492 ambao kiwango chao cha kwanza hakikuwa juu. Mgonjwa aliyekuwa chini ya nanogramu 5 kwa lita aliweza kuruhusiwa bila kulazwa, ila aliyefika mapema mno tangu maumivu yaanze alipimwa tena. Muda wa kukaa hospitalini ulishuka kutoka wastani wa saa 10.1 hadi 6.8, na walioruhusiwa bila kulazwa wakapanda kutoka asilimia 50 hadi 71. Tofauti hiyo ya pointi 21 za asilimia ni vitanda, ni wauguzi, na ni usiku ambao mtu asiye na mshtuko wa moyo hana haja ya kuukesha akisikiliza mashine ya jirani yake.

Je, usalama? Waliopata mshtuko au kufa kwa maradhi ya moyo ndani ya siku 30 walikuwa asilimia 0.4 kabla ya utaratibu huo na 0.3 baada yake. Kwa hesabu kali za kitakwimu, utafiti haukufikia kizingiti cha kuthibitisha kwamba utaratibu mpya si hafifu kuliko wa awali, na anayeutetea hana budi kulikiri hilo. Lakini matukio yalikuwa machache kuliko ilivyotarajiwa, na uchache huo ndio uliofanya kizingiti kiwe kigumu kufikiwa. Sioni kwa nini uhesabiwe kama kasoro ya kipimo.