Urefu Si Ugumu: Tii Ziwekwe Wapi Siku ya Mashindano?

Mwaka 2017 US Open ya gofu ilichezwa Erin Hills, uwanja uliosomeka yadi 7,741 kwenye kadi. Brooks Koepka alishinda akiwa mikwaju 16 chini ya kiwango, yaani idadi ya mikwaju inayotarajiwa. Miaka minne kabla, Merion, uwanja usiofika hata yadi 7,000, Justin Rose alitwaa kombe lilelile akiwa mkwaju mmoja juu ya kiwango.

Wanaopenda tii, yaani pale mkwaju wa kwanza wa kila shimo unapopigiwa, zirudishwe nyuma ili uwanja urefuke, watajibu kwamba Erin Hills mvua ililainisha ardhi na njia zake ni pana, wakati Merion ni nyembamba na nyasi za pembeni zilikuwa ndefu. Ni kweli kabisa. Ila jibu hilo linakiri kwamba si yadi zilizowabana wachezaji.

Hata hivyo siwezi kuipuuza hoja yao. Mpira wa leo unaruka mbali mno, na shimo lililokuwa likimfikirisha mchezaji bingwa sasa analimaliza kwa draiva, fimbo ya kupigia mbali, na fimbo fupi. Wenye uwanja wa Augusta, nyumbani kwa Masters, walilishughulikia hilo mwaka 2023: tii ya shimo la 13 ikarudishwa kutoka yadi 510 hadi 545, na mchezaji anayesimama kwa mkwaju wa pili akarudishiwa swali la zamani, avuke kijito sasa au asubiri? Urefu wa namna hiyo naukubali, kwa sababu umerudisha uamuzi. Ninaoupinga ni ule wa kusukuma tii zote 18 hadi ukingo wa mwisho, kisha kuita hilo ubingwa.

Kuna njia nyingine, na kwangu ndiyo yenye utamu. Torrey Pines, US Open ya 2008, siku ya mwisho, tii ya shimo la 14 ililetwa mbele: kutoka yadi 435 kwenye kadi hadi 267. Shimo la mikwaju 4 likawa linafikika kwa mkwaju mmoja, na korongo liko jirani na grini, zile nyasi fupi zenye kitundu cha mwisho. Hakuna aliyelazimishwa kujaribu, lakini kila mmoja alilazimika kuchagua.

Wapo wasioupenda mtindo huo. Wanasema mchezaji amejiandaa kwa uwanja mmoja, vipi siku ya mwisho apewe mwingine? Kwa mabingwa pingamizi hilo halinisumbui, maana siku hiyo wote wanapiga kutoka palepale. Linanisumbua kwenye mashindano ya klabu yanayohesabu handikapu, yaani mikwaju anayopunguziwa mchezaji kulingana na uwezo wake. Ukadiriaji wa ugumu wa uwanja umefanywa kwa tii zilizopimwa, na mwongozo wa handikapu wa dunia unataka jumla ya mashimo 18 isitofautiane na kipimo kwa zaidi ya yadi 100. Torrey Pines ilikata yadi 168 kwenye shimo moja tu! Kamati ya klabu inayotaka kunogesha shimo ifanye hivyo kwa kiasi, ikilileta moja mbele na kulirudisha jingine nyuma hadi hesabu ikae sawa.

Kwetu kuna mambo mawili ambayo kadi haiyasemi. Nairobi iko juu sana, hewa ni nyepesi, na mpira wa yadi 250 wa pwani unaweza kufika 265 kwenye viwanja vya huko, Muthaiga au Karen. Huko kurudisha tii kadhaa kuna mantiki. Pwani, mwamuzi mkuu ni upepo. Kwenye uwanja kama Vipingo, shimo lililokuwa jepesi wakati wa kaskazi linaweza kuwa mlima kusi inapovuma usoni. Anayepanga tii bila kutazama bendera inapepea wapi amepanga kwa mazoea.

Kisha kuna wasiosemewa: wanawake, wazee na wanaoanza. Nimeona mashindano ambako tii za mabingwa zilipimwa kwa hatua, moja baada ya nyingine, na tii nyekundu, zile za mbele, zikaachwa pale zilipokuwa wiki nzima, kwenye udongo uliokwanguka nyasi. Mchezaji aliyelipa kiingilio kilekile anapiga draiva na fimbo ndefu kwenye kila shimo la mikwaju 4, na bado hafiki. Hilo si jaribio la ustadi, ni adhabu. Wanaohofia kwamba tii za mbele zinashusha hadhi ya mashindano waangalie grini: mteremko wake haubadiliki kwa sababu umeanza karibu.

Kwa hiyo kabla ya kundi la kwanza, mtu mmoja wa kamati azunguke mashimo yote kwa miguu, asubuhi ileile. Atafute nyasi nzima, hasa kwenye mashimo ya mikwaju 3 ambako fimbo za chuma hung'oa udongo. Nyuma ya alama mbili za tii aache nafasi isiyopungua urefu wa fimbo mbili, kwa kuwa kanuni inampa mchezaji eneo hilo lote. Asimame kati ya alama, atazame zinaelekea wapi. Nyingi, ukizifuata, zinakupeleka msituni.