Makabati mapya, sufuria bado zipo sakafuni

Hivi hawa mafundi wa makabati ya jikoni huwa wanapika kweli? Maana nyumba zetu za zamani jiko ni slabu ya zege tu, chini uwazi na kapazia, sawa, unajibana weee unaita fundi akuwekee ya kisasa, anakuja na mapicha ya Pinterest kwenye simu, kila kitu kinang'aa, akishamaliza ndo unagundua sufuria la pilau halipiti mlangoni. Lile la wageni jamani! Katikati kapigilia kashelfu na hakatoki.

Kona ndo usiseme. Ukitaka hotpoti iliyoko mule ndani upige magoti uingize mkono mpaka begani. Si uweke droo basi, mtu anavuta vyombo vinakuja vyenyewe? Eti reli zake ghali, ila hela ya taa za rangi chini ya kabati ilipatikana.

Na hii ya kuweka MDF, yale mabao ya unga wa mbao ulioshindiliwa na gundi, chini ya sinki mi inanimaliza, bomba likivuja kidogo tu kabati limeumuka kama andazi, mlango haufungi tena.

Halafu mtungi wa gesi wanaufungia humohumo bila hata tundu, wakati gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa, ikivuja inatuama palepale chini, kwahiyo matundu yanatakiwa yawe chini kabisa. Ukimwambia anakujibu, "Mama, tutaharibu muonekano." Muonekano!