Kujisalimisha kwa Captain America na lawama zisizokwisha

Vijana wengi wa Mbeya na Iringa wameianza kinyumenyume Civil War, hadithi ya Marvel ambamo mashujaa wanapigana wenyewe kwa wenyewe, Captain America upande mmoja na Tony Stark (Iron Man) upande wa pili. Kwanza waliona filamu ya mwaka 2016, kwenye kibanda cha video au kwenye flashi iliyopita mikono kumi. Baadaye ndipo wakazisoma komiki zenyewe kwenye simu, zile saba za Mark Millar na mchoraji Steve McNiven zilizotoka 2006 hadi Februari 2007. Karibu kila anayefika toleo la 7 anatoka na neno moja: jamaa alikuwa anashinda, kwa nini akajisalimisha? Kwenye filamu Captain America anaitupa ngao, anaondoka huru, kisha anakwenda kuwatoa wenzake gerezani. Kwenye komiki anavua kinyago, anajitaja kwa jina lake la Steve Rogers na kufungwa pingu. Msomaji anahisi ameporwa.

Kwa watu wa Iringa lawama hii ina mzizi wa ziada. Hapa shujaa ana sura yake, nayo ni ya Mtwa Mkwawa, aliyejipiga risasi kule Mlambalasi mwaka 1898 ili Wajerumani wasimkamate akiwa hai. Fuvu lake lilirudishwa 1954 na linatunzwa Kalenga. Aliyekua akisikia habari hiyo hawezi kupenda kirahisi shujaa anayenyoosha mikono apigwe pingu wakati adui yake yuko chini, amelala chali.

Ila kipimo cha Mkwawa kinatumika nusu. Wahehe walipoishambulia safu ya kamanda wa Kijerumani Zelewski pale Lugalo mwaka 1891, walikuwa wanalizuia jeshi lililokuja kuwanyang'anya nchi yao. Waliokuwa nyuma yao ni watu wao na makazi yao. Nyuma ya Captain America, katika kurasa za mwisho, kuna mitaa ya New York iliyobomoka, na waliobomoa ni yeye na mashujaa wenzake wa pande zote mbili. Kabla ya kumlinganisha na Mkwawa tuulize kwanza ni nani aliyekuwa akilindwa pale.

Jibu liko kwenye namba ambayo wasomaji wengi wanaisahau wakifika toleo la 3: 612. Hao ndio waliouawa Stamford, Connecticut, watoto wa shule wakiwemo. New Warriors, kikundi cha mashujaa vijana, walivamia nyumba ya wahalifu waliowazidi uwezo huku kamera za kipindi chao cha televisheni zikiwarekodi. Mmoja wa wahalifu hao, Nitro, akajilipua jirani na shule. Ndipo ikazaliwa sheria ya kuwataka wenye nguvu zisizo za kawaida wajisajili serikalini, na Tony Stark akawa mtetezi wake mkuu.

Namba hii haikuwekwa kama pambo. Speedball, kijana wa New Warriors aliyenusurika, anakuja kutengenezewa vazi lenye miiba 612 inayomchoma kwa ndani, mwiba mmoja kwa kila aliyekufa. Miriam Sharpe, mama aliyefiwa na mtoto, anamtemea Tony mate kwenye msiba, na anabaki kwenye hadithi hadi ukurasa wa mwisho. Waandishi walitaka tuwahesabu wafu hao tangu mwanzo hadi mwisho. Sisi tuliacha kuwahesabu mara ngumi zilipoanza kurushwa, maana ngumi za McNiven ni nzuri mno kutazama.

Hoja ya Captain America dhidi ya sheria ilikuwa nzito kweli: shujaa akiwa mwajiriwa wa serikali, wanasiasa ndio watakaomchagulia adui. Lakini katika matoleo yote saba hasemi Stamford ya pili itazuiwaje. Ndiyo maana eneo la pigano la mwisho lina maana kubwa kuliko nani anampiga nani. Pigano linaanzia ndani ya gereza la Negative Zone, ulimwengu mwingine kabisa, mahali pasipo na mpita njia wala mama mwenye kikapu. Anayewahamisha wote kutoka huko na kuwamwaga katikati ya New York ni Cloak, mtu wa upande wa Captain America mwenyewe. Namor, mfalme wa Atlantis iliyo chini ya bahari, anafika na jeshi lake kumsaidia. Hercules, wa upande huo huo, anaipasua kwa nyundo yake yenyewe nakala bandia ya shujaa Thor iliyotengenezwa na upande wa Tony. Vision, naye wa upande huo, analizima vazi la chuma la Tony. Ushindi uko mkononi, na mji unaungua.

Wanaomrukia Captain America wakati ngao iko juu ni wahudumu wa gari la wagonjwa, zimamoto na raia wa kawaida. Anawaambia wamwachie, hataki kuwaumiza. Wanamjibu kwamba kwa hilo amechelewa. Anatazama pande zote, na mwenzake anapomkumbusha kuwa walikuwa wanashinda, anakubali kwamba wameshinda kila kitu isipokuwa hoja yenyewe. Angempiga Tony pigo la mwisho pale, angekuwa ameifanya Stamford yake mwenyewe akiwa na akili timamu. Sioni alichobakiza zaidi ya kuacha.

Waliovunjika moyo wana haki katika mambo mengine, na makubwa. Toleo la 4 nakala ya Thor inamuua Goliath, shujaa wa upande wa Captain America. Kuna gereza la kuwafunga mashujaa bila kesi. Baada ya hayo hakuna msomaji mwenye moyo anayetaka upande wa Tony ushinde, ila mwisho unampa ukurugenzi wa S.H.I.E.L.D., shirika la usalama na ujasusi, na mazungumzo ya matumaini na Miriam Sharpe, kana kwamba damu ya Goliath imekauka. Uamuzi wa Captain America nao unapewa kurasa chache mno. Matoleo sita yamejenga hasira, na badiliko la moyo linafanyika ndani ya muda wa kupepesa macho. Mwaka 2006 ratiba ya uchapishaji iliteleza kuanzia toleo la 4, na kadiri watu walivyosubiri ndivyo walivyojitungia mwisho wao kichwani.

Kubwa zaidi, ushahidi umetawanywa. Madai kwamba Tony alimtumia mhalifu Norman Osborn kuichokoza Atlantis hayamo katika matoleo saba makuu. Yako Front Line, mfululizo wa pembeni wa matoleo 11. Ni humo humo mwandishi wa habari Sally Floyd anamkaripia Captain America akiwa kizuizini kwa kutoujua mtandao wa kijamii wa MySpace na mbio za magari za NASCAR, na mwanamume aliyejitoa kwa ajili ya raia anafanywa mzee asiyeijua nchi yake. Tukio hilo limeuharibu mwisho huu kuliko kosa lolote la Millar. Hapo siwezi kumtetea mtu.

Na hadithi yenyewe haijaishia toleo la 7. Wiki mbili baadaye, katika Captain America toleo la 25 la Ed Brubaker na Steve Epting, Steve Rogers anapigwa risasi kwenye ngazi za mahakama akiwa bado na pingu. Kisha inafuata The Confession, toleo moja tu la Brian Michael Bendis na Alex Maleev, ambamo Tony anaongea na maiti ya rafiki yake na kukiri kwamba haikustahili gharama hiyo. Neno hilo ndilo wasomaji wa toleo la 7 walilikosa, na kuwauzia kando lilikuwa kosa la mchapishaji.

Kwa hiyo anayezisaka kwenye simu azipange hivi: matoleo saba makuu kwa mfululizo, bila kuchomeka kitu katikati, isipokuwa Amazing Spider-Man 532 hadi 538 kama anataka kujua Peter Parker, yaani Spider-Man, alilipa nini kwa kuvua kinyago mbele ya kamera. Halafu Captain America 25, na The Confession mara baada yake. Front Line isomwe mwisho kabisa, na sura ya Sally Floyd anaweza kuiruka bila kupoteza chochote.