Nikotini na moshi ni vitu viwili

Mvutaji akishauriwa kutumia kibandiko cha nikotini, kinachobandikwa kwenye ngozi ili kumsaidia kuacha sigara, mara nyingi huuliza: si ndiyo sumu yenyewe hiyo? Swali lake lina mantiki, lakini hofu iliyomo imewarudisha wengi kwenye sigara.

Mmea wa tumbaku hutengeneza nikotini mizizini na kuipandisha majanini ili kujikinga na wadudu. Kwa binadamu, ndiyo inayoleta uraibu. Hilo halina ubishi. Kinachoua hasa ni moshi: lami inayoharibu mapafu, kaboni monoksidi inayopora nafasi ya oksijeni katika damu, na kemikali takriban 70 zinazojulikana kusababisha saratani. Nikotini haimo katika hizo 70. Tangu mwaka 1976 Michael Russell, daktari aliyefanya kazi Uingereza, aliandika kwamba watu huvuta kwa ajili ya nikotini, lakini wanakufa kwa lami.

Ndiyo maana mwaka 2009 Shirika la Afya Duniani liliingiza chingamu na vibandiko vya nikotini katika orodha yake ya dawa muhimu. Majaribio zaidi ya 100 yakijumlishwa, tiba hizi huongeza uwezekano wa kuacha kwa asilimia 50 hadi 60. Sasa mfikirie anayeamini kwamba kibandiko kinaleta saratani. Atakibandua siku ya tatu, au atatumia nusu ya dozi kwa tahadhari. Arosto itamzidi, atawasha sigara, kisha atawaambia wenzake kuwa dawa haifanyi kazi. Na sigara huua hadi nusu ya wasioiacha. Hofu ya kitu chenye hatari ndogo inamwacha mikononi mwa kile kinachoua.

Wanaoiogopa nikotini wana hoja pia. Hupandisha mapigo ya moyo, hudhuru mimba, na ubongo wa kijana hunaswa nayo haraka. Wavunaji wa tumbaku hutapika na kupata kizunguzungu inapopenya ngozi kutoka kwenye majani mabichi yenye unyevu. Kampuni zinazouza vifuko vya nikotini vya kuweka mdomoni vyenye ladha tamu nazo zinastahili kubanwa na sheria.

Lakini sheria ya kumlinda mtoto haihitaji kumdanganya mtu mzima. Kijana asiyevuta hana cha kufaidi humo. Aliyevuta miaka 30 aambiwe waziwazi abandike dozi kamili, kwa wiki zote alizoandikiwa.